Nusu ya darasa wamepata 10 na zaidi: ni sonona au ni usingizi?

*Safu ya maswali ya wasomaji. Anayejibu ni muuguzi wa afya ya akili aliyeko Mwanza.*

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi katika sekondari ya bweni hapa Ilemela, na nasoma shahada ya uzamili. Muhula huu niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha tano dodoso la maswali tisa la kupima dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, lile la PHQ-9 kwa Kiswahili. Karibu nusu yao wamepata alama 10 kwenda juu, mpaka unaoashiria kwamba huenda mtu ana sonona. Nilipopeleka matokeo kwa mkuu wa shule akanijibu, "Mwalimu, hawa hawalali tu, wiki ijayo wana moko, mtihani wa majaribio." Msimamizi wangu wa utafiti naye anataka nimthibitishie kwamba kipimo kinaaminika. Nimekokotoa alfa, namba inayoonyesha kama maswali yanakwenda pamoja, nikapata 0.84, bado haridhiki. Mwenzangu ananishauri nilitoe swali la usingizi, nibaki na manane. Je, nilitoe? Na nitamjuaje mwenye sonona na aliyechoka tu?
*Mwalimu wa malezi, Ilemela*

Marahaba, mwalimu. Barua yako ina mambo mengi, na moja haliwezi kumngoja msimamizi. Chukua madodoso yako leo, utazame swali la tisa, lile linalouliza kama mtu amekuwa na mawazo kwamba ni heri afe au ajidhuru. Yeyote aliyejibu zaidi ya "hapana kabisa", hata kama jumla yake ni 4, mwite leo hii, kaeni mahali pa faragha, umuulize waziwazi kama amefikiria kujiua na kama amefikiria namna ya kufanya. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Wengi hushusha pumzi kwa kuona kuna mtu mzima anayeweza kulitamka jambo hilo bila kushtuka. Akikubali, asiachwe peke yake hata kidogo, mzazi apigiwe, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Hapa mjini, Hospitali ya Bugando ina idara ya magonjwa ya akili. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo, ibandike bwenini.

Kama madodoso yako hayana majina na huwezi kumtambua aliyejibu, zungumza na madarasa yote mawili, uwaambie mlango wako uko wazi na ni saa ngapi unapatikana. Safari nyingine tumia namba za siri, orodha ya majina ibaki kwa mtu mmoja, wewe au muuguzi wa shule. Na tafadhali, dodoso lenye swali la tisa lisigawiwe Ijumaa jioni wakati watu wanafunga ofisi. Nalisema hili kila shule ninayofika, na nitaendelea kulisema.

Sasa usingizi.

PHQ-9 ilichapishwa mwaka 2001 na Kroenke, Spitzer na Williams. Maswali yake tisa yanafuata dalili tisa ambazo madaktari hutumia kutambua sonona: kukosa hamu ya mambo, huzuni au kukata tamaa, usingizi, uchovu, chakula, kujiona hufai, umakini, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kufa. Kila moja hupewa 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Hebu ipitie orodha hiyo ukimfikiria mwanafunzi wako wa bweni, wiki moja kabla ya moko. Amepiga msuli mpaka saa sita usiku, saa kumi na nusu kengele imelia, ndoo mkononi, foleni ya maji, kisha ufagio. Amelala kwa muda wa saa nne na nusu tu, naye ni wa umri unaohitaji saa 8 hadi 10. Swali la usingizi atalijibu 3, na la uchovu 3. Kwenye umakini, mwulize mwalimu wa hisabati. Kutotulia na kuwa mzito humpata yeyote asiyelala, na hamu ya kula nayo huyumba. Maswali matano kati ya tisa yanaweza kujaa alama huku moyo wa mtoto hauna tatizo lolote.

Chukua mfano wa wanafunzi wawili, wote wana 11. Wa kwanza ana usingizi 3, uchovu 3, umakini 2, kutotulia 2, chakula 1, na kwingine kote sifuri. Wa pili ana kukosa hamu 2, huzuni 2, kujiona hafai 3, na moja moja kwenye usingizi, uchovu, chakula na umakini. Kwenye daftari lako wamekaa mstari mmoja. Lakini kanuni ya utambuzi inadai kwamba lazima iwepo angalau moja ya dalili mbili za kwanza, huzuni au kukosa hamu, karibu kila siku kwa wiki mbili. Wa kwanza hana hata moja. Huyo anahitaji kitanda na ratiba nyingine. Wa pili anahitaji mtu wa kukaa naye wiki hii.

Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote ya kisasa, rudi kwenye madodoso usome majibu moja moja. Wale wenye 2 au 3 kwenye swali la kwanza au la pili watenge. Maswali hayo mawili peke yake ni kipimo kinachojulikana kama PHQ-2, na wengi hutumia alama 3 kati ya 6 kama mpaka wake. Kisha tazama la sita, la kujiona umeshindwa au umeiangusha familia. Katika miaka yangu ya wodini na ya kuzunguka shule za huku kanda ya ziwa, hilo ndilo swali ambalo usingizi mbaya peke yake haulijazi. Mtoto aliyechoka anakwambia amechoka. Mtoto mwenye sonona anakwambia ada ya baba yake inapotea bure kwa ajili yake.

Mwenzako anayekushauri utoe swali la usingizi si wa kwanza kuwaza hivyo. Mwaka 1983 Zigmond na Snaith walitunga kipimo cha wasiwasi na sonona kwa ajili ya wagonjwa wa kliniki ya nje ya hospitali, wakaziacha kwa makusudi dalili za mwili kama usingizi, kwa sababu mgonjwa wa moyo au wa figo hulala vibaya hata kama hana sonona. Kwa wagonjwa wale walikuwa na sababu nzuri. Kwa bweni lako mimi nakwambia usilitoe, na sababu zangu ni mbili.

Ya kwanza ni kwamba kijana, hasa wa kiume, mara nyingi hawezi kuanza kwa kusema ana huzuni. Anaona aibu. Ataanza na "silali" au "kichwa kinauma". Ukilifuta swali la usingizi umemfungia mlango ambao angeingilia. Ya pili ni ya kihesabu. Mpaka wa alama 10 uliwekwa kwa maswali tisa na jumla ya 27. Ukiondoa moja au mawili ukaendelea kutumia 10, unapima kwa mpaka ambao haukuwekewa dodoso hilo, na msimamizi wako atakuuliza tena.

Nakushauri usingizi uupe dodoso lake. Kipo kipimo cha ukali wa kukosa usingizi cha Charles Morin, kina maswali saba, jumla 0 hadi 28, na kuanzia 15 tatizo huhesabiwa kuwa la wastani kwenda juu. Ongeza na maswali yako mwenyewe ya kawaida kabisa: jana ulipanda kitandani saa ngapi, usingizi ulikuja baada ya muda gani, uliamka saa ngapi, nani au nini kilikuamsha. Wape wiki nzima wajaze kila asubuhi kwenye kikaratasi. Utashangaa utakayoyapata humo. Kunguni. Mbu, maana chandarua kimechanika. Jirani anayekohoa. Pumu. Muziki wa baa ng'ambo ya barabara. Jinamizi. Na wapo wanaoandika kwamba wanaogopa kulala, hao uwaite taratibu na peke yao, kwa sababu mtoto anayeogopa giza la bweni mara nyingi kuna mtu anayemwogopa.

Hapo ndipo utakapoona tofauti ambayo PHQ-9 haiwezi kukuonyesha, kwa sababu swali lake la tatu linachanganya kukosa usingizi na kulala kupita kiasi katika sentensi moja, wala haliulizi mtu alipata nafasi gani ya kulala. Kuna mtoto aliyenyimwa nafasi: ukimwachia kitanda Jumamosi atalala mpaka jua lichome paa, aamke anacheka. Na kuna mtoto aliyepewa nafasi na usingizi haumjii, au unamjia akazinduka saa nane, saa tisa usiku, akalala macho wazi mpaka kengele, na asubuhi ndiyo saa yake mbaya kuliko zote. Huyu wa pili unifuatilie kwa karibu. Kuzinduka mapema namna hiyo na moyo kuwa mzito zaidi asubuhi ni alama za zamani za sonona kali, wauguzi wa wodi yoyote ya akili watakwambia.

Kuhusu alfa, msimamizi wako ana haki ya kutoridhika. Alfa ya Cronbach, aliyoieleza mwaka 1951, inakwambia kwamba maswali yako yanakwenda pamoja, yaani anayepata alama nyingi hapa huzipata na pale. Haikwambii yanakwenda pamoja kwa sababu gani. Bweni zima likikosa usingizi, maswali ya usingizi, uchovu, umakini na kutotulia yatapanda na kushuka pamoja, na alfa yako itakuwa nzuri sana huku ikipima kengele ya saa kumi na nusu. Hata waliotunga PHQ-9 walipata 0.89 na 0.86 katika makundi yao mawili ya wagonjwa, lakini hawakuishia hapo: waliwahoji tena baadhi yao ndani ya saa 48 kuona kama majibu yanafanana, na waliwalinganisha na mahojiano ya mtaalamu wa afya ya akili.

Katika tasnifu yako ningependa kuona haya. Gawa maswali katika mafungu mawili, ya mwili (usingizi, uchovu, chakula) na ya moyo, uone kama yanajitenga. Tafiti nyingi za dodoso hili zimekuta mafungu ya namna hiyo. Panga wanafunzi kwa jumla ya tisa, kisha uwapange tena bila usingizi na uchovu, uone nani anaporomoka na nani anabaki juu. Hao wanaobaki juu ndio wa kwanza kuwahoji. Linganisha bweni la karibu na barabara na bweni la nyuma: chukua wanafunzi ambao majibu yao kwenye maswali mengine yanalingana, uangalie kama swali la usingizi linawapa wa barabarani alama zaidi. Likiwapa, swali hilo linapima na kelele pia, na utaiandika hivyo. Na ukitaka kuonyesha uhusiano kati ya sonona na kukosa usingizi, hapo ndipo swali la tatu lazima litoke kwenye jumla, kwa sababu huwezi kuweka usingizi pande zote mbili halafu ukafurahi kwamba pande mbili zinahusiana.

Kurudia kipimo ni muhimu, ila kuwa mwangalifu na muda. Dodoso linauliza wiki mbili zilizopita. Ukipima kabla ya moko na ukapima tena wiki tatu baadaye, tofauti utakayoiona inaweza kuwa mitihani imeisha, si kwamba kipimo kinayumba. Ukitaka kujua kama kipimo kinaaminika, rudia baada ya siku mbili kwa kundi dogo. Ukitaka kujua hali ya watoto, rudia baada ya majuma kadhaa, tena mbali na mitihani.

Kuna hesabu moja zaidi ambayo walimu wengi hawaifanyi. Katika ule utafiti wa 2001, uliofanywa kwa wagonjwa watu wazima wa Marekani, mpaka wa 10 uliwanasa asilimia 88 ya wenye sonona kubwa na kuwaachia asilimia 88 ya wasio nayo. Ni kipimo kizuri. Sasa tuseme katika wanafunzi 100 wako 10 wana sonona kweli. Utawanasa karibu 9. Wale 90 wasio nayo, asilimia 12 yao watanaswa pia, karibu 11. Utakuwa na watoto 20 mkononi na zaidi ya nusu yao hawana sonona. Hiyo ni kabla hata ya kuwanyima usingizi. Kwa hiyo usiseme nusu ya shule ina sonona. Sema nusu wanahitaji kuonwa na mtu, halafu uwaone.

Na wapo wanaopita chini ya mpaka. Namkumbuka binti mmoja wa bweni upande wa Sengerema, jumla yake 8. Alikuwa analala vizuri, anakula vizuri, hivyo maswali ya mwili yalimpa sifuri tupu. Lakini kujiona hafai aliweka 3, huzuni 2, hamu 2, na la tisa akaweka 1. Mwalimu wake alikuwa amekwisha kulifunga faili. Tulipokaa naye chini ya mwembe nyuma ya bwalo alizungumza saa nzima bila kuinua macho. Alipata matibabu, na mitihani yake alifanya. Usingizi mzuri ulikuwa umemficha.

Mkuu wako wa shule mpe heshima yake, aliuliza jambo la maana. Lakini mweleze kwamba kukosa usingizi si habari ya kumaliza mazungumzo. Uchambuzi wa tafiti nyingi pamoja, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba asiye na sonona lakini ana tatizo la kukosa usingizi yuko katika hatari karibu mara mbili ya kupata sonona baadaye, akilinganishwa na anayelala vizuri. Na mwaka 2017 huko Uingereza, wanafunzi 3,755 wa vyuo vikuu 26 walishirikishwa katika jaribio la kutibu kukosa usingizi kwa mafunzo ya kwenye mtandao. Waliopewa mafunzo usingizi wao ulitengemaa, na hali ya moyo nayo ikapata nafuu. Usingizi na huzuni vinasukumana pande zote mbili. Nani alianza hujulikana kwa mazungumzo, na mara nyingine haijulikani, na mtoto anasaidiwa vilevile.

Mwombe jambo moja: baada ya moko, kwa wiki mbili taa za bweni zizimwe saa nne usiku na kengele isilie kabla ya saa kumi na mbili. Maji yachotwe jioni. Kisha pima tena. Wale ambao alama zao zitashuka utakuwa umewasaidia kwa gharama ya ratiba tu. Wale ambao watalala kwa muda wa saa nane na bado hamu haijarudi, bado hawafai machoni pao wenyewe, utakuwa umewapata. Ila wenye majibu mazito kwenye swali la kwanza, la pili, la sita au la tisa wasisubiri hizo wiki mbili. Wao waonwe sasa.

Ukikaa nao, usianze na "una huzuni?" Muulize ni kitu gani alikuwa anakipenda, mpira, kwaya, kusuka wenzake nywele, na mara ya mwisho alikifanya lini. Muulize Jumapili akilala vya kutosha anaamkaje. Muulize likizo iliyopita nyumbani ilikuwaje. Muulize kama haya yanamzuia kusoma au kuelewana na watu. Dodoso lenyewe lina swali hilo mwishoni na watu hulisahau kwa sababu halina alama. Uwape muda wa kukaa kimya.

Habari za kazi, mama muuguzi. Mimi ni mvuvi wa dagaa, Igombe. Kijana wangu ana miaka 16, anasoma kidato cha pili shule ya kutwa. Usiku wa giza tunatoka naye ziwani na taa, tunarudi alfajiri anakwenda shule. Mwezi uliopita waliulizwa maswali shuleni, nikaitwa nikaambiwa ana dalili za sonona. Wiki mbili baadaye wakarudia, wakasema yuko sawa. Nimwamini nani? Bibi yake anasema amerogwa.
*Mzazi, Igombe*

Nzuri, baba, na poleni na kazi ya ziwani. Inawezekana majibu yote mawili ni ya kweli. Maswali yale yanahusu wiki mbili zilizopita tu. Wewe unajua kuliko mimi: giza likiwepo dagaa wanafuata taa na mtumbwi hautulii, mbalamwezi ikiwaka mnapumzika. Kama mara ya kwanza aliulizwa mwishoni mwa giza, alijibu kwa mwili ambao haujalala usiku baada ya usiku. Mara ya pili, kama ilikuwa baada ya mbalamwezi, alikuwa amelala nyumbani. Mwambie mwalimu wake jambo hili, maana huenda haoni mwezi kama unavyouona wewe, na anapopima watoto wa ufukweni ni lazima aandike tarehe na hali ya mwezi.

Ila usiishie hapo ukaona yamekwisha. Wakati wa mbalamwezi, akiwa amelala siku nne tano mfululizo, mtazame. Anarudi kwenye mpira na wenzake? Anataniana na wadogo zake? Au analala, anaamka, anakaa pembeni kimya na chakula kinapoa? Kama kimya kinabaki hata akiwa amelala, mpeleke kituo cha afya umweleze daktari hayo uliyoyaona. Akianza kugawa vitu vyake, au akisema maneno kama "mtabaki salama bila mimi", usingoje kukuche.

Akiwa huko, apimwe damu na malaria, na apimwe kichocho. Mtoto anayeshinda majini huku kwetu anaweza kuwa na kichocho cha tumbo au upungufu wa damu, navyo vinachosha mtu mpaka aonekane amekata tamaa. Kichocho kina dawa, hutolewa kwa kufuata uzito.

Na hili nakwambia kwa heshima, baba, kwa sababu nimeona nyumba za wavuvi na najua mkono wa ziada mtumbwini una thamani gani. Mtoto wa miaka 16 asitoke ziwani usiku. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimruhusu mtoto kufanya kazi za usiku, na mwili wake pia haumruhusu. Tafuta kijana mtu mzima wa kumlipa kwa mgao, hata kama mgao wenu utapungua. Bibi aendelee kumwombea mjukuu wake. Hospitali nayo isichelewe.

Shikamoo mama. Nasoma chuo, mwaka wa pili, nimepanga gheto Malimbe. Nilijaza lile dodoso la maswali tisa kwenye simu nikapata 17. Mwenzangu anasema ni kwa sababu nakesha na simu na tuna baa jirani. Nikarudia hesabu nikatoa usingizi (3) na uchovu (2), nikabaki na 12. Sasa niko salama?
*Mwanafunzi, Malimbe*

Marahaba, mwanangu. Hesabu yako ni sahihi, na imekujibu. Hizo 12 zimetoka kwenye maswali saba yaliyobaki, ambayo jumla yake ya juu ni 21. Baa ya jirani inaweza kukunyima umakini kidogo na kukuvurugia chakula. Haiwezi kukufanya ujione hufai wala kukuondolea hamu ya kila kitu. Kama kwenye swali la tisa uliweka chochote zaidi ya sifuri, mwambie mwenzako leo, mwende pamoja hospitali leo. Kama uliweka sifuri, nenda wiki hii, usingoje mitihani ipite.

Simu iweke upande wa pili wa chumba usiku, hilo litakusaidia hata kama sonona ipo. Lakini usikubali mtu akwambie kwamba ukilala vizuri tu yatakwisha, wala usimlaumu mwenzako, alikuwa anakutakia mema.

Unapokwenda, chukua karatasi yenye majibu yote tisa, moja moja, usipeleke 17 peke yake. Pembeni andika kwa siku saba unapanda kitandani saa ngapi, usingizi unakuja saa ngapi na unaamka saa ngapi. Kama daktari ataangalia jumla tu, mwombe asome na hayo mengine.